Kahawa ya Kusimama

Mei 2022, mjini Firenze, mteja mmoja alikunywa kahawa yake, akaona bei, akaita polisi. Kahawa haikuwa na nzi wala haikuwa imepoa. Alikuwa ametozwa euro 2 kwa espreso moja isiyo na kafeini, naye akaona jambo hilo ni la kufikishwa mbele ya sheria. Askari wa manispaa wakaja, wakatazama ukutani, wakakuta bei hazijabandikwa pale ambapo mtu aliyesimama kaunta anaweza kuzisoma. Zilikuwa kwenye menyu ya kufungua kwa simu. Mwenye mkahawa akapigwa faini ya euro 1,000. Akajitetea kwamba buni ile ilitoka shamba maalumu nchini Mexico, kwamba kazi ya kuandaa kahawa ina wataalamu wake, kwamba kitu kizuri hakiwezi kuuzwa kwa bei ya maji. Magazeti yakalivalia njuga suala hilo, wengine wakimcheka mteja, wengine wakimuunga mkono.

Ni rahisi kumwona mteja yule bahili. Mimi naona alikuwa akitetea kitu ambacho Waitaliano wengi wanaamini ni chao, ingawa hakuna katiba inayokitaja: haki ya mtu yeyote kunywa kahawa nzuri, akiwa amesimama, kwa sarafu aliyoikuta mfukoni. Bei ya kahawa ya kaunta nchini Italia ni kama nauli ya daladala. Kila mtu anaijua kwa moyo, hakuna anayeiuliza, na ikipanda kwa senti kumi inakuwa habari ya taarifa ya jioni.

Baa ya Italia nayo inahitaji maelezo kidogo, maana si baa tuliyoizoea huku. Asubuhi inauza kahawa na mikate mitamu, mchana vipande vya mkate vyenye nyama na jibini, jioni mvinyo na vinywaji vya kufungulia hamu ya kula. Katika baa nyingi, hasa za stesheni na katikati ya miji, unaanza kwa keshia, unalipa, unapewa risiti, kisha unaiweka juu ya kaunta mbele ya mhudumu. Yeye hana muda wa salamu ndefu. Anagonga kishikio kutoa masimbi ya mteja aliyetangulia, anajaza unga mpya, anaushindilia, anakifunga kishikio kwenye mashine. Taasisi ya Italia inayotoa cheti cha espreso imeweka vipimo vyake: gramu 7 za unga, maji ya nyuzi 88, mgandamizo mara tisa ya ule wa hewa tunayopumua, sekunde 25, na kinachotoka ni mililita 25 tu. Kijiko kimoja cha sukari, funda mbili au tatu, neno moja kuhusu mechi ya jana, na mtu huyo yuko mlangoni. Hata kiti hakukigusa.

Ukisema “kahawa” bila kuongeza neno, utapewa hiyo. Ukisema “latte”, utapewa glasi ya maziwa, na kosa litakuwa lako. Kapuchino ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana hakuna atakayekukatalia, ila watajua wewe ni mgeni, kwa sababu Mwitaliano analiogopa tumbo lake kuliko anavyomwogopa mkusanya kodi, na maziwa moto juu ya sahani ya tambi anayahesabu kuwa hujuma. Kila mkoa una mambo yake. Torino wanachanganya kahawa na chokoleti nzito na malai katika glasi ndogo. Lecce wanaimimina juu ya barafu pamoja na maziwa ya lozi. Sisilia wanaigandisha na kuila kwa mkate wakati wa joto. Trieste, mji wa bandari ambao umepokea magunia ya kahawa kwa karne nyingi, una msamiati wake ambao hata Mwitaliano wa Roma haupati: espreso huko huitwa “nyeusi”, na anayetaka yenye tone la maziwa ndani ya kiglasi huagiza “capo in b”.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kahawa iliingia Italia ikiwa kinywaji cha watu wenye nafasi ya kukaa. Mwaka 1585 balozi wa Venezia aliyekuwa Istanbul, Gianfrancesco Morosini, alilisimulia baraza la mji wake habari za Waturuki wanaokunywa maji meusi, ya moto kiasi cha kuunguza, yaliyotokana na mbegu. Miaka saba baadaye Prospero Alpini, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyewahi kuishi Misri, akauchapisha mmea huo katika kitabu chake. Buni yenyewe ilitoka Yemen kupitia bandari za Waarabu na Waturuki, katika biashara ileile iliyoufundisha mwambao wetu kunywa kahawa chungu. Mwaka 1720 mkahawa wa Florian ukafunguliwa katika Uwanja wa Mtakatifu Marko, Venezia. Upo hadi leo, na mtalii anayekaa pale nje analipia kahawa, kiti, na muziki wa bendi pia, kila kimoja na bei yake.

Mikahawa ya karne ya 18 na 19 ilikuwa ya mabwana, mawakili, waandishi na wapinzani wa serikali. Huko Milano kundi la vijana wasomi wakiongozwa na Pietro Verri walilipa jarida lao jina la Il Caffè, wakalichapisha kuanzia 1764 hadi 1766. Mmoja wao alikuwa Cesare Beccaria, ambaye kitabu chake cha kupinga mateso na adhabu ya kifo bado kinasomwa katika vyuo vya sheria. Padova walikuwa na Pedrocchi, uliofunguliwa 1831 na kujulikana kama mkahawa usio na milango kwa sababu ulikuwa wazi usiku na mchana. Mwaka 1848 ghasia za wanafunzi dhidi ya utawala wa Austria ziliwaka hadi ndani yake. Mkahawa huo una ukumbi wa kijani ambao kwa desturi mtu aliruhusiwa kukaa bila kununua chochote, kwa hiyo wanafunzi wasio na kitu waliota moto humo, wakasoma magazeti, wakapanga mambo yao. Lakini hao wote walikuwa watu wenye saa zao. Mfanyakazi wa kiwanda hakuwa nazo.

Mashine ndiyo iliyowasimamisha Waitaliano. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza kahawa nyingi kwa nguvu ya mvuke. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaja na wake, uliotoa kikombe kimoja kimoja mbele ya macho ya mteja. Desiderio Pavoni akanunua haki zake na kuanza kuuza. Mitambo hiyo ilikuwa mirefu, ya shaba inayong’aa, na kahawa yake, kwa maelezo ya wanaojua, ilikuwa chungu na yenye harufu ya kuungua, kwa sababu mvuke uliupika unga kupita kiasi. Mabadiliko makubwa yalikuja na Achille Gaggia, mwenye baa wa Milano. Baada ya vita, mwaka 1947, alisajili mashine ya mkono wa kuvuta na springi, iliyosukuma maji ya moto kwa nguvu ambayo mvuke peke yake usingeweza. Juu ya kikombe likatokea povu la rangi ya kahawia. Wateja wakalitilia shaka. Gaggia akaliita krimu ya kahawa, na tangu hapo kikombe kisicho na povu hilo kinarudishwa. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine yenye pampu ya umeme, na mhudumu akaacha kuvuta mkono siku nzima.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Tangu 1911 halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kuweka kikomo cha bei ya mahitaji ya lazima kama mkate, na kahawa inayonywewa bila kuhudumiwa mezani ikaingia humo. Mwenye baa akawa hawezi kupandisha bei kaunta, lakini aliyeketi aliweza kumtoza apendavyo. Ukichanganya sheria hiyo na mashine ya sekunde 25, na wafanyakazi waliomiminika mijini katika miaka ya 1950 na 1960, unapata taifa linalokunywa wima. Meneja na fundi bomba wakasimama bega kwa bega mbele ya mashine moja, wakinywa kitu kilekile kwa bei ileile. Sisemi kwamba kaunta iliondoa matabaka Italia. Wakitoka nje kila mmoja alirudi kwenye gari lake, au kwenye miguu yake. Lakini ni mahali pachache katika nchi tajiri ambapo tajiri hana kikombe cha kununua ambacho maskini hawezi.

Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini Starbucks, kampuni ya mikahawa ya Marekani, ilichelewa hivyo kuingia Italia. Howard Schultz, aliyeikuza, aliona baa za Milano mwaka 1983, akarudi Marekani na wazo lililomtajirisha, lakini duka la kwanza la kampuni hiyo Italia lilifunguliwa Septemba 2018, katika jengo la zamani la posta huko huko Milano. Linapendeza na linajaa watu. Ila linachouza ni kiti, nafasi na saa nzima ya kukaa na kompyuta, na bei zake zinahesabu vyote hivyo.

Napoli inastahili kukaliwa zaidi, hata kama wao wenyewe hawakai. Huko kahawa hukaangwa hadi kukolea sana, vikombe hutunzwa ndani ya maji yanayochemka mpaka vinachoma midomo, na glasi ya maji hutangulizwa ili kinywa kiwe safi kabla ya kahawa kufika. Anayekunywa maji baada yake anamtukana mpishi. Baa nyingi bado zina mashine za mkono wa kuvuta. Baadhi huitia sukari kabla ya kukupa, na asiyeitaka lazima aseme mapema.

Nyumbani walikuwa na kukumela, birika la sehemu mbili linalopinduliwa juu chini maji yakishachemka ili yachuje taratibu. Eduardo De Filippo, mwandishi na mwigizaji mkubwa wa tamthilia wa Napoli, alilipa birika hilo nafasi ya kudumu katika igizo lake Questi fantasmi! la mwaka 1946. Mhusika wake mkuu anakaa roshani akimweleza jirani, ambaye watazamaji hawamwoni kamwe, namna ya kulifunika domo la birika kwa kikoni cha karatasi ili harufu isipotee. Maisha ya mtu huyo yanaporomoka, nyumba inasemekana ina mizimu, mkewe ana mwanamume mwingine, na yeye anaongea kwa utulivu wa mwalimu kuhusu karatasi ya kufunikia kahawa. Ukumbi hucheka kwa sababu kila aliyemo anamjua mjomba wa aina hiyo.

Na Napoli ndiko ilikozaliwa desturi ya caffè sospeso. Mtu aliyeamka na heri anakunywa kahawa moja na kulipia mbili. Ya pili inabaki ikisubiri. Baadaye anapita asiye na pesa, anachungulia mlangoni na kuuliza kama kuna iliyosubirishwa. Ikiwapo, anakunywa, naye hamjui aliyemlipia, wala aliyelipa hamjui mnywaji. Luciano De Crescenzo, mhandisi aliyegeuka mwandishi, aliifananisha na kuinunulia dunia nzima kahawa, na kitabu chake cha mwaka 2008 kina jina la desturi hiyo. Ilikuwa imefifia; ikafufuliwa katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 2010, na 10 Desemba ikatengwa kuwa siku yake. Mkahawa maarufu wa Gambrinus, uliopo tangu 1860, umeweka birika kubwa ambamo wateja hutumbukiza risiti za kahawa walizowaachia wengine.

Kuna wanaoidharau sospeso kwa kusema mwenye njaa anahitaji mkate, kahawa haimshibishi. Wana hoja. Lakini wanaosema hivyo nadhani hawajui kufukuzwa mlangoni kukoje. Risiti ile inamrudisha mtu kaunta, kati ya wengine, na anaweza kusimama hapo dakika tano bila kuulizwa anataka nini. Sadaka ya mkate angeila barabarani.

Kwa kuwa hakuna anayeikataa kahawa Italia, wauaji nao waliitumia. Gaspare Pisciotta, jambazi wa Sisilia aliyejua siri nyingi za wakubwa, alikufa gerezani Palermo mwaka 1954 kwa sumu ambayo inaaminika ilikuwa ndani ya kahawa yake ya asubuhi. Michele Sindona, mwanabenki aliyekuwa na marafiki Vatikani na katika mafia, alikunywa kahawa yenye sayanidi katika gereza la Voghera Machi 1986, akafa siku mbili baadaye. Mahakama ilihitimisha kwamba alijitilia mwenyewe. Mitaani wengi hawakuamini.

Majumbani, kukumela ilishindwa na moka. Alfonso Bialetti, fundi wa alumini wa Piemonte, aliitoa mwaka 1933: birika la pembe nane, maji chini, unga katikati, kahawa ikipanda juu kwa mvuke huku ikikoroma jikoni. Akina mama wa zamani wanakuonya usiushindilie unga, usizidishe moto, na usilioshe kwa sabuni hata siku moja. Jina lake linatokana na Mokha, bandari ya Yemen. Mwanawe Renato alilieneza baada ya vita kwa matangazo ya televisheni ya mzee mwenye masharubu anayeinua kidole, na alipofariki mwaka 2016 majivu yake yalizikwa ndani ya moka kubwa. Kasisi aliibariki.

Alumini haikuchaguliwa kwa bahati. Serikali ya Mussolini iliitangaza kuwa madini ya taifa, sehemu ya ndoto ya nchi inayojitosheleza. Ndoto hiyohiyo ilikuwa na upande ambao matangazo ya kahawa hayautaji. Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, yakatumia hata gesi ya sumu, na Jumuiya ya Mataifa ikaiwekea Italia vikwazo. Kahawa ikawa adimu na ghali. Waitaliano waliovamia nchi ambako kahawa ya arabika ina asili yake wakaishia kunywa shayiri na mizizi ya chikori iliyokaangwa. Kahawa ya shayiri bado inauzwa katika baa, siku hizi kwa jina la afya. Huku kwetu, kumbukumbu ya utawala wa Waitaliano ilibaki na mashine zake: katika mikahawa ya Asmara na Addis Ababa watu wanaagiza “makiato” kama neno la nyumbani, na mkahawa wa Tomoca wa Addis Ababa umekuwa ukikaanga kahawa tangu 1953.

Mwaka 2022 Italia ilitaka espreso iingie katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, ambako kahawa ya Kituruki iliingia 2013 na ya Kiarabu 2015. Kwanza Napoli na watu wa kaskazini walibishana kahawa ni ya nani, wakaungana kwa shida, kisha tume ya taifa ikapeleka uimbaji wa opera badala yake.

Waliokuwa wakiilinda bei ya kaunta katika miaka hiyo hawakuwa kwenye tume yoyote. Tangu mwanzo wa karne hii baa nyingi za Milano, Bologna na miji mingine ya kaskazini zimenunuliwa na familia zilizotoka China, hasa mkoa wa Zhejiang. Wazee wa Kiitaliano walipochoka kuamka saa kumi na moja alfajiri na watoto wao kukataa kurithi kaunta, Wachina waliichukua ilivyo: mashine ileile, mikate ileile, wazee walewale wanaocheza karata pembeni. Mwanaanthropolojia Grazia Ting Deng ameandika kitabu kizima kuhusu baa hizo za Bologna. Bei inabaki chini kwa sababu mume, mke na ndugu wanafanya kazi kwa zamu, bila kuajiri mtu.

Mlinzi mwingine wa bei hiyo yuko kando ya Ziwa Victoria. Italia hailimi kahawa ya kibiashara; inanunua Brazil, Vietnam, na inayofuata kwa wingi ni Uganda, ambayo Italia ndiyo mnunuzi wake mkubwa kwa miaka mingi. Msimu wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, sehemu kubwa robusta. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania pia, na Kagera ndiko robusta yetu inakotoka, kwa watu ambao walikuwa wakichemsha na kutafuna tunda lake kabla ya Mzungu yeyote kufika. Wataalamu wa vionjo huibeza robusta kwa uchungu wake. Lakini ndiyo inayolipa povu la Gaggia unene wake, ndiyo yenye kafeini nyingi, na ndiyo rahisi. Bila hiyo kikombe cha Napoli kisingekuwa cha Napoli, wala kisingeuzwa kwa sarafu moja.

Miaka ya karibuni kahawa ya kaunta imesogea kutoka karibu euro 1 hadi 1.20 na zaidi katika miji mingi, na wenye baa wanasema buni imepanda. Imepanda kweli. Mwanzoni mwa 2023 tani ya robusta katika soko la London ilikuwa karibu dola 2,000. Septemba 2024 ilivuka 5,000. Sasa chukua kalamu. Gramu 7 za unga zinatokana na gramu 8 na kitu za buni, kwa kuwa kahawa hupungua uzito ikikaangwa. Ongezeko lote la dola 3 kwa kilo, ukiligawa kwa vikombe, ni senti mbili na nusu za dola kwa kikombe. Kilichobaki katika ile nyongeza ya senti ishirini ni umeme, kodi ya pango, mishahara, na faida ya waliosimama katikati. Na mkulima wa Missenyi au Karagwe, kule Kagera, aliyeuza kwa butura, maua yakiwa bado mtini kwa sababu ada ya shule haikusubiri, hata hizo senti mbili na nusu zilimpita zikiwa tayari ni mali ya mwingine.